Bonasi ya kujiunga na kadi ya mkopo: nitajuaje kama inanifaa kweli?

Mpanga Bajeti aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada wa hesabu na wa uzoefu kutoka kwa wale waliotumia kadi za mkopo zenye zawadi kwa muda mrefu kuliko mimi.

Nina kadi moja tu, ya kawaida, isiyo na zawadi yoyote, ambayo nimeitumia kwa miaka mitano. Kila mwezi nalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, na sijawahi kutozwa riba hata senti moja. Sasa nimeona ofa mbili zinazonivutia. Ya kwanza inaahidi pointi 60,000 endapo nitatumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Ada yake ya mwaka ni dola 95, na baada ya hapo kila dola ninayotumia inaniletea pointi 1. Pointi hizo naweza kuzibadilisha kuwa fedha taslimu kwa senti 1 kila pointi, au kuzihamishia kwenye programu za wasafiri za mashirika ya ndege. Kadi ya pili haina ada ya mwaka: inatoa dola 200 nikifikisha matumizi ya dola 500 ndani ya miezi 3, kisha inanirudishia asilimia 1.5 ya kila ninachonunua.

Matumizi yangu yanayoweza kupita kwenye kadi ni takriban dola 1,100 kwa mwezi. Zaidi ya hayo, mwezi wa pili kuanzia sasa nitatakiwa kulipa bima ya mwaka ya dola 720, ambayo siku zote nimeilipa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya benki. Nikijumlisha miezi mitatu na bima hiyo napata dola 4,020, yaani lengo la kadi ya kwanza linafikika bila kununua kitu chochote cha ziada.

Nauliza mambo matatu. Je, nichukue ipi, au nichukue zote mbili kwa pamoja? Je, maombi haya yataharibu rekodi yangu ya mkopo, ikizingatiwa kwamba nakusudia kuomba mkopo wa nyumba mwishoni mwa mwaka ujao? Na la tatu, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi: kwa nini benki impe mtu asiyelipa riba zawadi ya dola 600? Nimelelewa kuamini kwamba kila kinachotolewa bure kina mwenye kukilipia, na ningependa kumjua kabla sijapokea.

Karani Mstaafu alijibu:

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nilifanya kazi katika idara ya kadi kwa miaka mingi na ndilo swali ambalo wateja hawakuwahi kuniuliza.

Unapolipa kwa kadi, muuzaji hapokei kiasi chote ulicholipa. Sehemu hukatwa na kugawanywa kati ya benki yake, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na benki iliyokupa kadi, na fungu la hiyo benki yako kwa kawaida ndilo kubwa kuliko mengine. Zawadi za kila siku hutoka humo. Ushahidi ulio wazi ni kutazama mahali ambapo fungu hilo limebanwa na sheria. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo mwaka 2015, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watumiaji wa kawaida na asilimia 0.2 kwa kadi za debiti, na benki isiyopata zaidi ya hapo haiwezi kukurudishia asilimia 1.5 kwa muda mrefu. Marekani, ambako kadi za mkopo hazina ukomo kama huo, ndiko bonasi kubwa zilikostawi. Lakini hata huko, sheria ilipobana ada za kadi za debiti za benki kubwa mwaka 2011, zawadi nyingi za kadi za debiti zilifutwa.

Mlipaji wa pili ni mwenye kadi anayebeba deni kutoka mwezi hadi mwezi. Wachumi wa Benki Kuu ya Marekani na wa Shirika la Fedha la Kimataifa, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu, walikadiria katika utafiti uliotoka mwaka 2023 kwamba kupitia zawadi hizi takriban dola bilioni 15 kwa mwaka huhama, huko Marekani, kutoka kwa watumiaji wasio waangalifu kwenda kwa walio waangalifu. Na kabla ya hapo, mwaka 2010, utafiti wa tawi la Boston la hiyo Benki Kuu ya Marekani ulionyesha kwamba hata anayelipa kwa noti anachangia, kwa kuwa muuzaji huipandisha bei ya wote ili kufidia gharama ya kadi. Nakueleza haya kwa sababu umeuliza kwa moyo safi, nawe unastahili jibu safi: anayekulipia ni mtu mwingine, mara nyingi mwenye kipato kidogo kuliko chako. Sikushauri ukatae bonasi kwa sababu hiyo, maana ukiikataa fedha hiyo haimrudii yeye. Nakushauri usijifanye hujui.

Ama bonasi ya kujiunga, hiyo ni gharama ya benki ya kumtafuta mteja. Benki inaweka dau kwamba utabaki na kadi kwa miaka, utalipa ada ya mwaka bila kuitafakari, na kwamba ipo siku utashindwa kulipa deni lote. Ofa ya dola 600 ina faida kwako kwa kadiri tu utakavyoweza kuiangusha dau hiyo.

Sasa hesabu. Usiilinganishe bonasi na sifuri. Ilinganishe na kile ambacho fedha ileile ingekuletea kwingine. Dola 4,000 zikipita kwenye kadi ya kwanza zinakupa pointi 60,000 za bonasi na pointi 4,000 za kawaida, yaani dola 640 taslimu. Ondoa ada ya dola 95. Kisha ondoa dola 60 ambazo ungezipata kama ungetumia kiasi hicho kwenye kadi ya asilimia 1.5. Zinabaki dola 485, na hiyo ndiyo thamani halisi ya bonasi kwako, wala si 600. Bado ni kiasi kizuri.

Tazama mwaka wa pili, ambao hautangazwi kwenye ofa. Kwa matumizi yako ya dola 13,920 kwa mwaka, bima ikiwamo, kadi ya kwanza itakupa pointi zenye thamani ya dola 139.20, nawe utalipa ada ya dola 95. Unabaki na dola 44.20. Kadi ya pili ingekupa dola 208.80 bila ada. Kwa hiyo kila mwaka utakaoendelea kuitegemea kadi ya kwanza unapoteza takriban dola 165, na katika miaka mitatu bonasi yote itakuwa imerudi ilikotoka. Ili kadi ya kwanza iifikie ya pili katika mwaka wa kawaida, kila pointi ingepaswa kukupa thamani ya karibu senti 2.2. Wapo wanaofikia hapo. Wengi wanadhani wanafikia.

Kuhusu nyumba, hapa sitakuwa na maneno ya katikati. Kila ombi la kadi huacha alama kwenye rekodi. Kwa utaratibu wa Marekani alama hiyo hukaa miaka 2, na mfumo wa FICO, unaotoa namba ya kuonyesha jinsi mkopaji anavyoaminika, huihesabu kwa miezi 12. Kushuka kwa namba hiyo huwa kudogo, lakini mkopo wa nyumba ni mkubwa mno kiasi kwamba tofauti ndogo ya riba inauma: nyongeza ya robo ya asilimia juu ya mkopo wa dola 200,000 ni dola 500 katika mwaka wa kwanza pekee, nayo inaendelea. Chukua kadi moja, sasa, si mbili, na baada ya hapo usiombe kitu kingine mpaka uwe na funguo za nyumba mkononi.

Mpanga Bajeti:

Mzee Karani, nashukuru sana. Ile hesabu ya mwaka wa pili sikuwa nimeiona kabisa. Nimeelewa kwamba nichague moja, na kwamba ya kwanza inafaa kwa mwaka mmoja tu, baada ya hapo niachane nayo. Je, kuachana nayo hakuna madhara? Na ile ziada yangu ya dola 20 juu ya lengo, inatosha?

Mama Daftari alijibu:

Haitoshi, mwanangu. Dola 20 si ziada, ni bahati. Nikueleze jinsi watu wanavyoikosa bonasi wakiwa wanaamini wameshaipata.

Kwanza, saa huanza kuhesabu siku ombi linapokubaliwa kwa kadi nyingi, wala si siku bahasha ya kadi inapofika mlangoni. Kadi ikichelewa njiani siku 10, siku hizo ni zako zilizopotea. Pili, si kila kinachoonekana kama matumizi kinahesabiwa. Ada ya mwaka haihesabiwi. Fedha taslimu unazotoa kwa kadi ya mkopo hazihesabiwi, tena zinatozwa riba kuanzia siku ileile bila kusubiri taarifa ya mwezi. Deni ulilohamisha kutoka kadi nyingine halihesabiwi, na masharti ya kadi nyingi huziondoa pia kadi za zawadi na miamala inayofanana na fedha taslimu. Tatu, ukirudisha bidhaa, kiasi chake huondolewa kwenye jumla yako. Umenunua viatu vya dola 60 mwezi wa kwanza, ukavirudisha katika wiki ya mwisho, na ile 4,020 yako imekuwa 3,960. Bonasi yote imekwenda kwa sababu ya viatu. Nne, muamala wa siku ya mwisho unaweza kuingia kwenye hesabu siku mbili baadaye, na tarehe inayotumika hutegemea masharti. Jipe nafasi ya wiki mbili na ziada ya dola 300 au 400.

Ziada hiyo uipate wapi bila kununua usichokihitaji? Tafuta malipo ambayo tayari yako njiani, unayoyalipa kwa njia nyingine. Iwapo mlipwaji anatoza nyongeza kwa kutumia kadi, fanya hesabu: nyongeza ya asilimia 2.5 juu ya dola 400 ni dola 10, na dola 10 kwa ajili ya kuilinda bonasi ya 600 ni biashara ya busara. Lakini nyongeza hiyohiyo, lengo likishafikiwa, ni hasara tupu, kwa sababu unalipa asilimia 2.5 ili upate 1. Nimeona watu wakilipa kila kitu kwa kadi kwa mwaka mzima kwa jina la pointi, bila kuitazama nyongeza hata mara moja.

Sasa jambo ambalo kaka yetu Karani amelipita kwa haraka, nalo linahusu nyumba yako. Katika mfumo wa FICO, historia ya kulipa kwa wakati ina uzito wa asilimia 35, na kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30. Maombi mapya ni asilimia 10 tu. Katika hilo fungu la pili, kinachotazamwa sana ni sehemu gani ya kikomo chako, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kudaiwa kwenye kadi, umeitumia. Ukipewa kikomo cha dola 5,000 na taarifa ya mwezi ikatoka ukiwa na deni la 2,000, rekodi itaonyesha kwamba umetumia asilimia 40, hata kama utalilipa lote wiki mbili baadaye bila riba. Tarehe ya kutoka taarifa na tarehe ya mwisho ya kulipa ni vitu viwili, na kiasi kinachopelekwa kwenye rekodi kwa kawaida ni kile cha tarehe ya kwanza. Katika miezi hiyo mitatu lipa sehemu kubwa siku chache kabla taarifa haijatoka. Matumizi yako bado yatahesabiwa yote kwa ajili ya bonasi, kwa sababu bonasi inatazama ulichonunua, haitazami unachodaiwa.

Kuhusu kuachana na kadi, usiifunge mara tu bonasi inapoingia. Baadhi ya benki zina sharti linaloziruhusu kuichukua bonasi tena ukifunga kadi kabla ya mwaka, na hata zisipoichukua zinaweza kukukatalia siku nyingine. Subiri hadi mwezi wa 11 tangu ulipokubaliwa, kisha wapigie, uwaombe wakubadilishie iwe kadi yao isiyo na ada. Ukifanya hivyo namba ya akaunti na umri wake mara nyingi hubaki, kikomo hubaki, wala hakuna ombi jipya kwenye rekodi. Wakikataa, ndipo uifunge mwaka ukishatimia, lakini baada ya kuzihamisha au kuzitumia pointi zote, kwa sababu pointi za benki mara nyingi hufa pamoja na akaunti.

Na kabla hujabonyeza kitufe cha kuomba, piga picha ukurasa wa ofa pamoja na masharti yake. Soma hasa sentensi inayosema ni nani asiyestahili bonasi. Kadi za American Express kwa kawaida humpa mtu bonasi ya kadi fulani mara moja tu maishani; nyingine huweka miezi 24 au 48 tangu bonasi ya mwisho. Andika tarehe ya kukubaliwa, tarehe ya mwisho ya lengo, na jumla ya kila wiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jina langu hapa nimelitoa humo.

Bahari Tulivu alijibu:

Ndugu Mpanga Bajeti, majibu uliyopewa ni sahihi, lakini yote yanadhani kwamba utabaki kuwa yuleyule utakapokuwa na lengo mbele yako. Mimi sikubaki.

Nilichukua kadi ya aina hii nikiwa na rekodi safi kama yako. Siku ya kwanza niliweka malipo ya kiotomatiki na nikajihisi salama. Sikugundua kwamba katika ukurasa ule kulikuwa na chaguo tatu, na kwamba lililokuwa limewekwa tayari ni kulipa kiwango cha chini tu. Mwezi wa kwanza benki ilikata kiasi kidogo, nikaona ujumbe wa kuthibitisha kwamba malipo yamefanyika, nikaendelea na shughuli zangu. Niliposoma taarifa ya mwezi uliofuata nilikuta riba. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba riba ilitozwa pia kwenye manunuzi mapya, tangu siku ya kila ununuzi, kwa sababu ule muda wa kulipa bila riba huondoka pale unapobeba deni. Nililipa deni lote siku hiyohiyo, na bado mwezi wa tatu ikaja riba kidogo, ile iliyokuwa imeongezeka kati ya tarehe ya taarifa na siku niliyolipa.

Mimi niliponea kwa sababu ilikuwa miezi miwili. Fikiria asiyeponea. Deni la dola 4,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka linazaa takriban dola 80 kila mwezi. Akilipa riba tu kwa miezi 6, ametoa dola 480. Linganisha na zile 485 ambazo Mzee Karani amekukokotolea.

Jambo la pili halikuonekana kwenye taarifa yoyote. Katika miezi ile ya lengo nilinunua vitu viwili ambavyo nisingevinunua, nikijiambia kwamba "vinasogeza lengo". Si udhaifu wangu peke yangu. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT walichapisha majaribio ambamo watu walishindania tiketi halisi za mchezo kwa mnada. Walioambiwa kwamba watalipa kwa kadi walitaja bei kubwa zaidi kwa mbali kuliko walioambiwa kwamba watalipa taslimu. Kadi huyaondoa maumivu ya kutoa fedha, na bonasi inaongeza raha juu yake. Ningekuomba uandike leo, kabla ya kuomba, orodha ya yote utakayoyalipa katika miezi hiyo mitatu, na kila ununuzi usio kwenye orodha uutoe kwenye thamani ya bonasi kwa bei yake kamili.

Msafiri wa Pointi alijibu:

Naona wote mmezihesabu pointi kwa senti 1, na kwa mtu anayeanza ni sawa kabisa. Naomba niongeze upande wa safari, kwa kuwa huko ndiko thamani kubwa inakopatikana na ndiko watu wanakojidanganya.

Ili kujua thamani ya pointi, chukua bei ya tiketi kwa fedha, toa kodi na ada ambazo bado utazilipa ukitumia pointi, kisha gawanya kwa idadi ya pointi. Tiketi ya dola 420 yenye kodi ya dola 30, inayopatikana kwa pointi 26,000, inakupa senti 1.5 kwa pointi. Lakini jiulize swali la pili: kama nisingekuwa na pointi, je, ningeinunua tiketi hiyo kwa 420? Kama ungechagua safari nyingine ya dola 300 siku moja baadaye, basi dola ulizookoa ni 270, na pointi yako imekupa senti 1.04 tu. Mtu anayesema amepata senti 6 kwa pointi kwa kukaa daraja la biashara, ilhali hajawahi kulipia daraja hilo maishani, ameipima pointi kwa bei ambayo hangeilipa. Amefurahia safari, na hilo ni haki yake, ila asiiingize kwenye hesabu ya kuamua kama ada ya mwaka inalipa.

La pili ni kwamba pointi ni deni ambalo mdaiwa anaruhusiwa kubadilisha thamani yake. Programu kubwa ya kwanza ya aina hii, AAdvantage ya American Airlines, ilianza mwaka 1981, na kwa miongo mingi mashirika yalichapisha jedwali lililoonyesha safari fulani inagharimu maili ngapi, yaani pointi za shirika lenyewe. Delta iliondoa jedwali lake mwaka 2015, na United ikafuata mwaka 2019. Tangu hapo kwa mashirika hayo bei kwa maili hupanda na kushuka kama bei ya fedha. Pointi hazizai riba zikikaa. Zaidi zinapungua. Kwa hiyo usikusanye kwa ajili ya ndoto ya miaka mitano ijayo, na usizihamishe kutoka benki kwenda shirika la ndege mpaka umekiona kiti kikiwa wazi kwa tarehe unayoitaka, kwa sababu uhamisho huo kwa kawaida haurudishwi.

Kwa hali yako, unayetaka kununua nyumba, ningezichukua pointi zote kama fedha taslimu bila kusita. Dola 600 kwenye akiba ya malipo ya awali haziwezi kupunguzwa thamani na shirika la ndege.

Mpanga Bajeti:

Nawashukuru nyote, nimekaa na majibu yenu kwa siku mbili na kufanya hesabu upya.

Nimeamua kuchukua kadi ya kwanza peke yake. Nitaomba wiki tatu kabla ya bima, ili hata kadi ikichelewa, bima iangukie ndani ya muda. Nimepata pia malipo ya kozi ya dola 400 ambayo nilikuwa niyalipe kwa hundi. Wanatoza nyongeza ya asilimia 2.5, nami nitaikubali mara hii moja. Jumla inakuwa dola 4,420. Orodha aliyonishauri ndugu Bahari Tulivu nimeshaiandika, na nakiri kwamba nilipoiandika niliona vitu viwili nilivyokuwa nimeanza kuvitamani tangu nilipoiona ofa, vimebaki nje. Mwezi wa 11 nitaomba kadi ibadilishwe kuwa isiyo na ada, na kadi ya asilimia 1.5 itasubiri hadi mkopo wa nyumba ukamilike.

Limebaki swali dogo moja. Kampuni ya bima inaniruhusu kulipa kwa awamu 12 bila nyongeza. Je, bado nilipe yote kwa mara moja?

Mama Daftari:

Lipa yote kwa mara moja, mwanangu, kwa sababu kwa awamu za dola 60 ni tatu tu, yaani dola 180, zitakazoingia ndani ya muda wako, na jumla itashuka hadi 3,880. Ila hakikisha dola 720 za bima zipo tayari kwenye akaunti siku unapoipitisha kadi, nawe uzipeleke benki kabla taarifa ya mwezi haijatoka.